Mji Umetolewa, Jibu Halikuja: Malalamiko ya Mpenzi wa Sherlock

Katika jadi ya fasihi simulizi, kitendawili huwa mkataba kabla hakijawa mchezo. Mtegaji hutangaza, "Kitendawili!" na hadhira huitikia, "Tega!" Tangu hapo kila upande huwa na haki na wajibu wake. Wasikilizaji hupiga bongo. Wakishindwa, huombwa mji, nao huutoa bila kinyongo, kwa kuwa wanajua mji huo ni malipo ya jibu. Mtegaji huupokea, akajigamba kidogo kwa alivyokaribishwa mjini humo, kisha akatoa jibu. Jibu lenyewe halina budi kuwa na sifa moja: aliyeshindwa akilisikia, ajipige kipaji na kusema, "Kumbe! Mbona lilikuwa mbele ya macho yangu?" Mtegaji anayepokea mji kisha akatoa jibu lisilolingana na swali hukemewa na watoto wenyewe, wala hakuna mzee anayewalaumu watoto hao kwa utovu wa adabu.

Hadithi ya upelelezi ni kitendawili kirefu. Tangu Edgar Allan Poe alipochapisha kisa cha mauaji ya Rue Morgue mnamo 1841, utanzu huu umesimama juu ya mkataba uo huo. Mwandishi hutega kwa maiti, kwa alama ya kiatu, kwa barua iliyochanika. Msomaji hutega sikio na jicho, akakisia, akakosea, akatoa mji. Mwishoni mpelelezi hufungua mkono na kuonyesha jibu. Aliyesoma kurasa mia mbili huku akidanganyika hukasirika tu pale ambapo jibu halikuwamo katika swali.

Ni kwa kigezo hiki ambapo malalamiko ya wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Uingereza iitwayo Sherlock yanastahili kupimwa. Sehemu ya mwisho ya msimu wa nne, "The Final Problem", ilionyeshwa na BBC tarehe 15 Januari 2017. Wapo waliowacheka waliohuzunika, wakidai kwamba ni watu wazima wanaoililia picha. Makala haya yanashikilia msimamo mwingine: huzuni ile haikuwa deko. Ilikuwa uhakiki, na uhakiki wenye hoja. Mji ulikuwa umetolewa, jibu halikuja.

Ahadi ya Baker Street

Sherlock ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Julai 2010. Waasisi wake, Steven Moffat na Mark Gatiss, walikuwa na wazo jepesi kulieleza ila zito kulitekeleza: kumtoa Sherlock Holmes katika London ya taa za gesi na magari ya farasi, na kumweka katika London ya simu za mkononi na kamera za barabarani. Daktari Watson wa Arthur Conan Doyle alikuwa amerudi Uingereza akiwa majeruhi wa vita vya Afghanistan vya karne ya 19. Watson wa televisheni naye anarudi kutoka Afghanistan, safari hii akiwa askari wa karne ya 21. Ulinganifu huo pekee ulitosha kumwonyesha mtazamaji kwamba waandishi hawa waliisoma kazi asilia kwa makini. Benedict Cumberbatch aliigiza Holmes, Martin Freeman akaigiza Watson, na katika misimu minne ya sehemu tatu tatu, kila sehemu ikiwa na takriban dakika 90, ulimwengu ukawapokea.

Kilichowanasa watazamaji tangu siku ya kwanza hakikuwa joho refu la Sherlock wala ukali wa ulimi wake. Kilikuwa uwazi wa fikra zake. Katika sehemu ya kwanza, "A Study in Pink", Sherlock anaishika simu ya mtu aliyekutana naye jana yake tu, na kutokana nayo anamsimulia habari za jamaa yake. Karibu na tundu la kutilia umeme kuna mikwaruzo midogo midogo, nayo ni ishara ya mkono unaotetemeka kila usiku. Kwa hiyo aliyekuwa na simu hiyo ni mlevi. Nyuma ya simu limechongwa jina la Harry. Kwa hiyo mlevi huyo ni kaka yake John. Msomaji wa riwaya ya Doyle ya 1890, "The Sign of Four", anatambua mara moja kwamba hiyo ni saa ya mfukoni ya Watson iliyogeuzwa simu. Hata hivyo, asiyewahi kuisoma riwaya hiyo hadhulumiwi kitu, maana kila ushahidi umewekwa kiganjani mwake.

Kisha hutokea jambo la kufurahisha zaidi. John anamweleza Sherlock kwamba Harry ni kifupisho cha Harriet, naye ni dada yake. Mpelelezi amekosea! Kosa hilo lakini lina njia. Mtazamaji anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua na kuonyesha mahali ambapo hoja ilipotoka. Ndiyo sababu kosa hilo liliwapendeza watu badala ya kuwaudhi.

Fumbo lenyewe la sehemu hiyo lilitegwa kwa uaminifu uo huo. Ni nani anayeaminiwa na watu ingawa hawamjui? Ni nani anayepita popote bila kutambuliwa? Ni nani awezaye kuwinda katikati ya umati? Jibu ni dereva wa teksi, na teksi hiyo ilikuwa imepita mbele ya macho ya mtazamaji bila ya kutiliwa maanani. Aliyeshindwa kukisia alitoa mji wake kwa furaha. Ahadi ikawa imewekwa: hapa Baker Street akili hufanya kazi, na kila mwenye macho amealikwa.

Ahadi hiyo ilianza kulegea mapema kidogo. Tarehe 15 Januari 2012, miaka mitano kamili kabla ya siku inayozungumziwa hapa, Sherlock alijitupa kutoka juu ya paa la hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, na watazamaji wakangoja hadi tarehe 1 Januari 2014 kujua alivyonusurika. Walipewa maelezo zaidi ya moja, mengine ya kejeli, na hata lile lililoelekea kuwa la kweli likatiliwa shaka na mhusika mmoja papo hapo. Wengi walicheka, wakasamehe. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mpenzi hayaoni mawingu juu ya nyumba ya ampendaye.

Kisiwani Sherrinford

"The Final Problem" inafungua kwa taswira ya kutisha. Msichana mdogo anaamka ndani ya ndege iliyo angani, na kila mtu mwingine amelala fofofo, rubani akiwamo. Simu inalia, na sauti ya Moriarty, adui mkubwa aliyekwisha kufa, inamkaribisha kwenye fumbo la mwisho. Ni mwanzo unaomfanya mtazamaji akae ukingoni mwa kiti. Baada ya hapo inafahamika kwamba Sherlock na kaka yake Mycroft wana dada aitwaye Eurus, aliyefungwa tangu utotoni, na ambaye sasa yuko katika gereza la siri kisiwani Sherrinford. Eurus, aliyeigizwa na Sian Brooke, ana akili iliyowapita ndugu zake wote wawili. Amekwisha kuliteka gereza lake mwenyewe, naye anawapitisha ndugu zake na John Watson katika majaribio ya kikatili, chumba baada ya chumba.

Kasoro zinaanza kabla hata ya kufika kisiwani. Sehemu iliyotangulia ilikuwa imemalizika kwa Eurus kumfyatulia John risasi. Wapenzi walikaa juma zima roho mkononi. Sehemu ya mwisho inalimaliza jambo hilo kwa sentensi moja: ilikuwa dawa ya usingizi tu. Muda si mrefu guruneti inaletwa kwa droni ndani ya chumba cha Baker Street. Itakayemlipukia ni yeyote atakayejongea. Taharuki inajengwa kwa ustadi. Guruneti inalipuka, Sherlock na John wanarushwa dirishani pamoja na moto na vioo, na katika onyesho linalofuata wamo baharini wakiteka mashua ya wavuvi, bila jeraha wala bandeji. Bi. Hudson, aliyekuwa ghorofa ya chini akisafisha nyumba yake, naye yu mzima. Mlipuko usiomuumiza mtu ni kelele tu.

Katika gereza lenyewe, Sherlock anasimama mbele ya chumba cha dada yake akizungumza naye kwa muda mrefu kupitia kioo. Mwishowe ananyoosha mkono, na mkono unapita. Hapakuwa na kioo. Onyesho hili ni zuri kwa macho, lakini msomaji na alitafakari. Mtu aliyesoma maisha ya Harry kutokana na mikwaruzo ya simu ameshindwa kuona kwamba ukuta wa kioo ulio hatua chache kutoka usoni mwake haupo. Sehemu haielezi kosa hilo. Kosa la Harry lilikuwa na njia, hili halina.

Jaribio linalosema mengi zaidi ni lile la ndugu watatu wa jina la Garrideb, lililotokana na hadithi ya Doyle ya 1924. Wanaume watatu wamefungwa na kuning'inizwa juu ya bahari. Mmoja wao ni muuaji, na Sherlock anatakiwa kumtambua. Anafanya hivyo kwa haraka na kwa usahihi. Eurus anawatupa baharini wale wawili wasio na hatia, kisha, akitaka kulinganisha hisia zake, anamtupa na mwenye hatia pia. Ndani ya dakika chache tamthilia ya upelelezi imetangaza kwamba kupata jibu sahihi hakubadilishi chochote. Pengine waandishi walitaka kuonyesha ukatili wa Eurus. Walichoonyesha ni kwamba hata wao wenyewe hawakuwa wakiyathamini tena mafumbo yao.

Mwisho wa kisa unafuata mkondo uo huo. John anazinduka akiwa ndani ya kisima, miguu imefungwa kwa minyororo, maji yakipanda. Sherlock anaufumbua wimbo wa utotoni kwa kutumia tarehe zisizo za kweli zilizochongwa kwenye makaburi ya Musgrave, nyumba ya wazazi wake iliyoungua. Anatambua kwamba yule msichana wa ndegeni ni Eurus mwenyewe, na kwamba ndege ile ni taswira ya upweke wake. Anamkumbatia, naye analegea. John anatupiwa kamba na kuokolewa. Ama ile minyororo ya miguuni iliishia wapi, tamthilia haisemi. Mtazamaji aliyefundishwa kwa misimu minne kutazama mikwaruzo ya simu anawezaje kutakiwa asiuone mnyororo?

Mchawi katika joho la msomi

Hata hivyo, minyororo na vioo ni kasoro za juu juu. Hakuna tamthilia isiyo na tundu, na mpenzi wa kweli husamehe matundu. Dosari kuu ya sehemu hii imo katika umbo la mhusika Eurus.

Uwezo wa Eurus ni upi? Anazungumza na mtu, na mtu huyo anakuwa wake. Mkuu wa gereza amekuwa chini ya amri yake. Walinzi ni hivyo hivyo. Inaelezwa kwamba miaka mitano nyuma, siku ya Krismasi, Eurus aliomba apewe dakika tano tu za kuzungumza na Moriarty bila msimamizi, na dakika hizo zikatosha kupanga mambo yote yanayotokea baada ya Moriarty kufa. Mtazamaji haonyeshwi hata mara moja ni maneno gani yanayoweza kumgeuza mtu mzima kuwa mtumwa kwa muda mfupi namna hiyo. Anaambiwa tu kwamba dada huyu ana akili nyingi mno. Kwa Kiswahili kisicho na mapambo, uwezo huo huitwa uchawi. Waandishi wamemleta mchawi Baker Street, wakamvika joho la msomi, kisha wakamwita mwerevu.

Mnamo 1929, Ronald Knox, padri aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliorodhesha kanuni kumi za utanzu huu. Miongoni mwazo ni kwamba mhalifu atajwe mapema. Kwamba nguvu zisizo za kawaida zisitumike. Kwamba mpelelezi asisaidiwe na bahati wala na maono yasiyo na maelezo. Na kwamba kila dalili anayoipata ionyeshwe msomaji. Kanuni hizo ziliandikwa kwa mzaha kiasi, na waandishi mahiri wamezivunja mara nyingi. Lakini mzaha huo ulificha msingi mmoja: mwandishi na msomaji wacheze katika uwanja mmoja. Panapokuwa na mhusika awezaye lolote kwa yeyote, uwanja haupo. Kila swali la "aliwezaje?" lina jibu moja lililo tayari, nalo ni "aliweza".

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliandika "Mzimu wa Watu wa Kale", riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Wahakiki wameonyesha mara nyingi kwamba Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko na rafiki aitwaye Najum, ni jamaa wa karibu wa Holmes na Watson. Abdulla hakuazima kiko pekee. Aliazima pia imani kwamba kifo kina sababu na sababu hutafutika. Bwana Ali anapokutwa amekufa penye mzimu, yako macho yanayogeukia mizimu. Bwana Msa anageukia watu. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alikuwa na haja gani, neno gani lilisemwa na kwa nini. Katika jamii ambamo ramli bado ilikuwa na soko, kuandika riwaya ambamo mzimu hauui mtu lilikuwa tendo la ujasiri.

Doyle mwenyewe alifanya vivyo hivyo. Katika "The Hound of the Baskervilles", iliyochapishwa kwa mfululizo kati ya 1901 na 1902, ukoo mzima unaamini kwamba unaandamwa na jibwa la kuzimu. Holmes anagundua kwamba ni jibwa la kawaida lililopakwa fosforasi na mtu mwenye tamaa ya urithi. Kinaya ni kwamba Doyle, nje ya vitabu vyake, aliamini kuwa wafu huwasiliana na walio hai, naye alitumia miaka yake ya mwisho kuieneza imani hiyo. Pamoja na hayo hakuwaruhusu mizuka kuingia katika chumba cha Holmes. Alijua kwamba siku mzuka utakapopokewa kama jibu, mpelelezi hatakuwa na kazi. Waandishi wa 2017, wasiodai kuamini mizuka, ndio waliomfungulia mlango.

Utetezi na jibu lake

Haki inadai kwamba utetezi nao usikizwe. Hoja ya kwanza ya watetezi ni kwamba dalili zilikuwapo. Katika "His Last Vow" ya Januari 2014, Mycroft alidokeza kuhusu ndugu mwingine. Jina la Redbeard, lililodhaniwa kuwa la mbwa wa utotoni wa Sherlock, lilitajwa katika sehemu hiyo hiyo, na katika "The Final Problem" inabainika kwamba Redbeard hakuwa mbwa. Alikuwa mtoto, rafiki yake Sherlock aitwaye Victor Trevor, aliyetupwa kisimani na Eurus. Tena, aliyesoma hadithi ya Doyle iitwayo "The Gloria Scott" anajua kwamba Victor Trevor ndiye rafiki wa ujanani wa Holmes, na kwamba walijuana baada ya mbwa wa Trevor kumuuma Holmes kifundo cha mguu. Hapa waandishi wanastahili sifa tele. Mbwa aliyegeuka rafiki ni jibu la kitendawili la kweli kabisa, na mtazamaji akilisikia hujipiga kipaji. Lakini sifa hiyo ndiyo inayozidisha uchungu. Inathibitisha kwamba uwezo wa kutega na kutegua ulikuwapo hadi siku ya mwisho, ila ukatumiwa kwa dakika chache kati ya tisini.

Hoja ya pili ni kwamba Doyle mwenyewe hakuwa mwaminifu kila mara. Ni kweli. Mara nyingi Holmes huinama, akaokota kitu, na Watson asiambiwe ni kitu gani hadi mwisho. Hata hivyo, kuchelewesha dalili na kukosa dalili ni mambo mawili mbalimbali. Holmes wa Doyle akifungua kiganja, ndani mna kitu: majivu ya sigara, uzi, tope la mtaa fulani. Kiganja cha Sherrinford kikifunguliwa hamna kitu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Watetezi husema kwamba sehemu hii haikukusudiwa kuwa fumbo. Ilikusudiwa kuonyesha moyo. Sherlock aliyeanza akijivunia ubaridi wake anamalizia kwa kumkumbatia dada yake, na kumbatio hilo ndilo jibu. Hakuna mpenzi wa fasihi awezaye kudharau lengo hilo. Swali ni iwapo moyo umeheshimiwa. Na aangaliwe Molly Hooper, daktari wa maiti aliyempenda Sherlock kimyakimya tangu sehemu ya kwanza. Eurus anamlazimisha Sherlock ampigie simu na kumfanya atamke kwamba anampenda, ndani ya dakika tatu, la sivyo nyumba yake italipuliwa. Louise Brealey anaigiza kwa namna ya kumtoa mtu machozi. Molly anamtaka Sherlock alitamke neno hilo kwanza, tena alitamke kana kwamba ni kweli. Baadaye inafahamika kwamba hapakuwa na bomu lolote. Fedheha ile ilikuwa mchezo. Sherlock analivunja jeneza kwa mikono. Je, Molly? Hakuna onyesho ambamo anaambiwa ukweli. Anaonekana tena mwishoni, akiingia Baker Street huku akitabasamu, sauti ya marehemu Mary Watson ikiwasifu wanaume wawili. Tamthilia inayodai kuacha fumbo ili ishughulikie moyo ilimpasua moyo mwanamke mmoja, kisha ikasahau kumshona.

Hivyo basi, hata katika mahakama ya hisia, ambayo watetezi wenyewe wameichagua, kesi haiwaendei vyema. Akili na moyo havikuwa mahasimu katika tamthilia hii hapo awali. Ile simu ya Harry ilikuwa fumbo, na papo hapo ilikuwa hadithi ya ndugu wawili wasioelewana. Aliyeisoma vyema alipata vyote viwili.

Kwa nini jambo hili ni la maana

Yapo masikio yatakayouliza: hii si televisheni tu? Takwimu za usiku ule zinaonyesha kwamba waliotazama "The Final Problem" Uingereza walikuwa takriban milioni 5.9, ilhali sehemu ya kwanza ya msimu uo huo, tarehe 1 Januari, ilitazamwa usiku wake na takriban milioni 8.1. Takwimu hizo hazithibitishi ubora wala udhaifu, kwani wengi hutazama siku za baadaye, na waliopungua walipungua kabla ya kuiona sehemu yenyewe. Uzito wa jambo hili hauko katika hesabu.

Uko katika uhusiano wa mwandishi na hadhira. Mnamo Desemba 1893 Doyle alichapisha hadithi iliyoipa sehemu hii jina lake, akamtupa Holmes katika maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi. Wasomaji waliomboleza na kulalamika kwa miaka, hadi Doyle akamfufua mwaka 1903. Malalamiko yale yalikuwa ya kufiwa. Waliolia mwaka 1893 walitaka zaidi ya kile walichopewa. Waliolia mwaka 2017 walitaka kile walichoahidiwa. Baadhi yao walifikia hatua ya kuamini kwamba sehemu ile ilikuwa hila, na kwamba sehemu nyingine ya kweli imefichwa na ingeonyeshwa baada ya siku chache. Haikuonyeshwa. Ni rahisi kuwacheka. Lakini imani hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote ambazo hadhira inaweza kumpa mwandishi: waliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba jibu limefichwa kuliko kuamini kwamba halikuwapo.

Wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana funzo hapa, hasa kwa kuwa riwaya ya upelelezi mara nyingi huwekwa kando ya meza ya uhakiki na kuitwa fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa ni dosari. Anayekidharau kitu cha kupendwa hawezi kuuliza kwa nini kimependwa, wala kwa nini kimeacha kupendwa. Mtazamaji aliyesikitika usiku ule bila kujua istilahi moja ya nadharia alikuwa akifanya kazi ya mhakiki: alilinganisha mwisho na mwanzo, ahadi na utekelezaji, umbo na maana. Alikuwa na sikio la msuko. Kazi ya darasa ni kumpa msamiati, si kumwambia aone haya.

Nao waandishi chipukizi wa Kiswahili, wanaotamani kumpa Bwana Msa warithi katika vitabu au katika televisheni, wana onyo. Ni rahisi kumwumba mhusika ajuaye yote na awezaye yote. Hana gharama. Hahitaji utafiti wala mpango wa vitushi. Kila mkwamo utakwamuliwa naye. Kigumu ni kuandika mkwaruzo mmoja karibu na tundu la simu, ukauacha mbele ya macho ya watu milioni nane, ukajua kwamba hawatauona, na ukajua pia kwamba watakaposhindwa watakubali kuwa uliwapa nafasi.

Wahenga walinena kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Methali hiyo ina sharti lisilotamkwa: fumbo liwe na cha kung'amuliwa. Wapenzi wa Sherlock walikuwa werevu, nao walifunzwa werevu huo na Sherlock mwenyewe. Walikaa barazani miaka saba, wakajibu "Tega!" kila walipoitwa, wakatoa miji yote waliyokuwa nayo. Wana haki ya kuidai miji yao.